Sindano Kabla ya Kisu: Majipu ya Titi Niliyotibu Ngara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja wilayani Biharamulo, Mganga Mfawidhi alinikabidhi aproni akasema, "Tabibu, shika taa, na usigeuze uso." Mbele yetu alilala mama mwenye jipu la titi. Wakati ule tulitibu kwa kisu: tunapasua, tunakamua usaha, tunajaza chachi kidondani na kuibadilisha kila siku hadi nyama ifunge. Maziwa yalivujia kidondani. Akina mama wengi waliacha kunyonyesha titi lile.

Nilipasua hivyo miaka mingi, wala sikujiuliza kama kuna njia nyingine.

Nilipohamishiwa Ngara nilimkuta Daktari wa Upasuaji, mwanamke mwenye sauti ya chini na msimamo mkali. Alitufundisha kulitazama jipu kwa ultrasaundi, kuchoma ganzi, kisha kuvuta usaha kwa sindano nene. Mgonjwa hupewa antibiotiki na kurudi baada ya siku mbili tatu kuangaliwa. Nilibisha.

"Daktari, usaha mzito hivi utapita kwenye tundu la sindano?"

"Usaha ukikataa kutoka, tutapasua. Jaribu kwanza."

Wiki ileile akaja Yasinta kutoka Kibimba, na mtoto mchanga mgongoni. Alisindikizwa na mama mkwe wake.

"Shikamoo, tabibu."

"Marahaba. Jipu limeanza lini?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Wiki sasa. Nimemkataza kunyonyesha, maziwa yameshaoza."

"Dada yangu alipasuliwa," Yasinta akasema. "Mkileta kisu, naondoka."

Nilimweleza habari ya sindano, nikamwambia pia kwamba usaha huweza kurudi. Akakubali. Usaha niliouvuta ulijaza mabomba mawili makubwa ya sindano, na uso wake ukalegea kabla sijachomoa sindano. Nikamwambia aendelee kunyonyesha. Mama mkwe akaguna.

Siku ya tatu titi lilikuwa limevimba tena. Nilikata tamaa, nikamwambia labda sasa tupasue.

"Si ulisema usaha huweza kurudi?" akaniuliza. "Vuta tena."

Niliona aibu, nikavuta. Mara ya tatu yalitoka maji machache tu, na ultrasaundi haikuonyesha tena shimo la usaha. Mama mkwe akamtazama mjukuu wake anayelia, akamchukua na kumweka mwenyewe kwenye titi lile.

Tangu hapo sindano ikawa hatua yangu ya kwanza. Si kila jipu lilikubali. Ngozi ikishakuwa nyembamba na kung'aa, au usaha ukirudi bila kukoma, kisu kilihitajika. Nimestaafu sasa, naishi Kasulo, na huwakumbuka wale niliowapasua zamani. Sikuwadhulumu kwa makusudi, lakini makovu ni yao, si yangu.

Siku niliyostaafu na kukabidhi chumba changu cha matibabu, tabibu mpya aliniuliza anachopaswa kuogopa zaidi katika kazi hii.

"Mazoea," nilimwambia. "Mimi yalinichelewesha, na waliolipia ni akina mama."