Vifuu vya Gwata na mawe ya redio yasiyovuka Ijumaa

Jua halijapanda juu ya minazi ya Gwata, na Mwanahalima Kondo ameshamaliza nyiradi zake. Amechutama mbele ya debe lililozibwa kwa udongo. Analigusa kwa mgongo wa kiganja, taratibu, kama anayempima mtoto homa.

"Bado lina joto," anasema. "Ukilifungua sasa, makaa yakapata pumzi, unabaki na majivu. Kazi yote ya jana bure."

Ndani ya debe mna vifuu vya nazi vilivyochomwa bila kupata hewa. Vikipoa atavitwanga kwenye kinu ambacho siku hizi hakioni mpunga, achekeche unga wake mweusi kwa kipande cha kanga, kisha aushindilie ndani ya mawe ya redio, betri zilizokwisha nguvu.

Mwaka huu wa 1984 mawe mapya ni ya kusikia tu. Yakiletwa duka la kijiji, foleni inayamaliza kabla wa nyuma hajajua kilicholetwa. Ndiyo maana watu wa Gwata, na hata wa Mlandizi, hubisha hodi kwa mjane huyu wakiwa na mawe yao yaliyokufa mfukoni. Humlipa kwa kilichopo: kibaba cha mchele, mafuta ya taa, kipande cha sabuni.

Huchagua yale ambayo bati lake halijatoboka. Hukitoa kijiti cheusi cha katikati, akakisugua na kukirudisha, akakizungushia unga uliokandwa kwa maji ya chumvi, kisha akaziba juu kwa lami. Redio inaongea. Lakini haiongei sana.

"Ya marehemu yalikuwa yanamaliza mwezi," anasema. "Yangu mimi, nikiyatoa Jumamosi, hayavuki Ijumaa."

Marehemu ni mumewe, Adamu, aliyekuwa fundi redio mwenye kibanda Kisarawe. Kazi waligawana. Mke alichoma na kutwanga huku Gwata; mume alibeba unga kwenye gunia na kwenda kuuchanganya kibandani kwake. Mwanahalima hajawahi kukikanyaga kibanda hicho.

Si kwamba hakuitwa.

"Kila akiondoka ananiambia, 'Mama Tatu, njoo Jumatatu moja ukae pale, uone ninavyochanganya.' Mimi nacheka. Namwambia wacha tuvune kwanza. Tukishavuna, wacha mvua zipite. Nilidhani Jumatatu zipo tu."

Mwaka jana Adamu alishikwa na homa, ikaondoka naye. Mwanahalima akaingia eda. Alikuwa bado ndani pale Evodius, mtu wa Bukoba aliyekuwa akifanya kazi kibandani na Adamu, alipofika na kopo la bati. Mlangoni alimkuta Sikuzani, dada wa marehemu.

"Nikamwambia, baba, wifi yangu yuko eda, haonani na wanaume," anasimulia Sikuzani huku akipepeta mchele. "Akasema anataka kueleza habari ya kopo. Nikamwambia liache, habari itangoja. Kufungua, naona unga mweupe. Nikajua chumvi hiyo, tumepata ya kutia mbogani leo."

"Ungetuzika wote," anadakia Mwanahalima.

"Si nilionja kwanza! Kali, inachoma ulimi. Nikasema, uganga gani huu tunaletewa msibani? Nikaumwaga chooni."

Wanacheka, lakini kicheko hakiendi mbali. Eda ilipokwisha, Evodius alikuwa amesharudi kwao.

"Eda ni amri ya Mwenyezi Mungu, siijutii hata chembe," anasema Mwanahalima. "Wala wifi simlaumu, hakujua. Ninachojutia ni zile Jumatatu."

Hodi inapigwa. Ni Mashaka, mkulima wa jirani, ana gunia begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yamekufa?"

"Yamekufa, tena yamekufa vibaya."

Anakaa kwenye kigogo na kueleza. Juzi jioni redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Ikataja Kisarawe, ikataja ukoo wao. Kabla ya jina la marehemu, ikakoroma, kisha kimya. Alfajiri akafunga safari kwenda kuuliza ni nani. Alipofika, shangazi yake aliyemlea alikuwa ameshazikwa.

"Inna lillahi," anasema Mwanahalima. "Na mawe yalikuwa yangu."

"Bila mawe yako nisingesikia hata hilo la Kisarawe, mama. Wengine hawajui mpaka leo."

Anatua gunia. Limejaa vifuu. Tena ana habari. Huko Kisarawe alimkuta Didas, fundi bati wa sokoni, akamtajia jina la Adamu. Didas alimkumbuka: alikuwa akinunua kwake, kwa ajili ya mawe ya redio, chumvi nyeupe kali, ile ambayo mafundi husugulia chuma cha kulehemu.

Sikuzani anaacha kupepeta. "Ndiyo ile!" anasema, akijishika mdomo.

Mwanahalima analigusa debe tena. Limepoa. Anaubandua udongo, anatoa kipande cha kaa na kukigonga kwa ukucha. Kinalia kama kigae.

Anasema atachukua basi hadi Kisarawe, amwombe Didas amwonyeshe chumvi hiyo, kisha akae kidogo pale kilipokuwa kibanda.

"Basi nenda Jumapili," anasema Sikuzani, "ulale kwa ndugu yetu Mwamvita kule kule, uamkie sokoni."

"Hapana, wifi. Jumatatu. Ndiyo siku niliyoitwa."