Msichana wa Tangi

Yule msichana wa mradi alitoka chuo kikuu Nairobi wakati wa likizo, akaja kwetu Soy kuwajengea akina mama tangi la maji. Viganja vyake vilikuwa laini kama maandazi, na mimi, fundi hodari kuliko wote Uasin Gishu, cheti sina, nilisema atatoroka kabla ya Jumapili. Wapi! Tulipomaliza kujenga, kila asubuhi aligonga ukuta wa tangi kwa kidole, akatega sikio kama daktari.

"Bado, Mzee," ananiambia. Mzee! Mimi na nywele zangu zote!

Basi chifu akatangaza kwamba mkubwa fulani anakuja kufungua mradi, tangi lijazwe haraka.

"Saruji ingali changa, Chifu. Litapasuka," msichana akamwambia.

Chifu akacheka, akaagiza punda walete mapipa ya maji. Msichana akavua gambuti, akaingia ndani ya tangi, akaketi.

"Haya, jazeni na mimi humu!"

Nani angemwaga? Mgeni akafika, akakata utepe, akafungua mfereji wa tangi. Hata tone halikutoka. Tukapiga makofi vile tulivyozoea, na ya nguvu kuliko yote yalitoka ndani ya tangi.