Kriketi Nyuma ya Nyumba ya Habuba

Juzi niliingia duka moja pale Hai Amarat, hapa Juba, kununua unga, nikakuta wauzaji na wateja wote wamegeukia televisheni ukutani. Vijana wa Kihindi wanaofanya kazi hoteli za jirani walikuwa wamesimama kati ya magunia ya mchele, na hakuna aliyenihudumia. Mrushaji alianza kukimbia, duka zima likanyamaza. Kisha nikasikia ule mlio, mpira ukigonga mbao, mkavu na mfupi. Nilitoka nje bila unga. Ndugu msomaji, niliketi kwenye ngazi za duka.

Sisi tulirudi Juba baada ya amani kutiwa saini, mama, kaka yangu na mimi. Mama alitulea Nairobi kwa kufua nguo za watu, na jirani na tulikopanga kulikuwa na uwanja wa kriketi wenye ukuta mfupi. Kaka alijifunzia pale, kwanza kwa kuokota mipira iliyoruka ukuta, halafu kwa kuitwa ndani. Ule mwaka Kenya ilipofika mbali kwenye Kombe la Dunia la kriketi, kaka alikuwa akitembea mtaani kama yeye ndiye aliyecheza.

Juba ilitupokea vibaya. Watoto wenzetu walizungumza Kiarabu cha Juba, sisi tukazungumza Kiswahili, na tukifungua mdomo tunaitwa Wakenya. Aliyetupokea kweli ni habuba, ndivyo Juba wanavyomwita bibi. Miaka yote ya vita aliimaliza palepale nyumbani kwake, karibu na mtaa wa Thongpiny, hata miaka ile mji ulipozingirwa, watu wakala majani. Alitupikia asida, ndio ugali wa huku, na mchuzi wa bamia zilizokaushwa, akatukalisha, akatutazama tukila. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kikubwa alimokuwa akilima mtama pamoja na babu alipokuwa hai. Sasa kilikuwa kimeota nyasi tu.

Kaka alimwomba kile kiwanja. Tukafyeka. Tukajaza maji pipa la mafuta, tukalivingirisha siku nzima juu ya udongo mwekundu mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Fundi seremala alituchongea gongo la kupigia mpira, la mtiki, zito hata mabega yanauma. Mpira ulikuwa wa tenisi, tumeuzungushia utepe wa fundi umeme. Mimi nilidaka nyuma ya vijiti vitatu anavyolinda mpigaji, mikononi nimevaa soksi za mama zilizojazwa matambara.

Watoto walianza kuja kutazama, kisha kucheza. Walikuja wa Kibari, wa Kidinka, wa Kinuer, na watoto wawili wa jirani yetu Mganda aliyekaanga chapati kando ya njia. Huyo mama alikuwa akitupigia kelele kila siku. "Mimi iko na mafuta ya moto hapa! Hapana leta mpira yenu kwa karai yangu!" Lakini jioni chapati zilizoungua alizikunja, akatuletea.

Habuba aliweka kiti chake mlangoni akatutazama. Siku moja alimuuliza mama, "Yule amesimama na fimbo, wengine wanamrushia, wengine wanakimbia, na bado hakuna aliyepigwa. Wanafanya nini?" Mama akasema hata yeye hajui. Ila kila mtu alipotolewa akaondoka bila ugomvi, habuba alipiga makofi. Kwake hilo ndilo lilikuwa bao.

Injinia alitupata kwa masikio. Alikuwa Mpakistani mchimba visima, anaishi kwenye kota za kampuni yake ng'ambo ya barabara. Alhamisi moja alikuja amevaa ndala, shati limechomoka, akasimama pembeni ya uwanja. Aliwahi kufanya kazi Mombasa, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili.

"Nilikuwa nalala," alisema. "Nikasikia huu mlio. Nikafikiri niko nyumbani."

Tangu siku hiyo alikuwa mwalimu wetu. Alitufundisha kushika mpira vidole viwili juu, na kuuzungusha uanguke hapa uende kule. Tukipumzika, tunakunywa karkade ya habuba, ile juisi ya maua mekundu, yeye anatusimulia. Kwao watoto wanacheza katikati ya barabara, wakisimama tu kupisha jeneza. Nchi yake ikicheza na India, maduka yanafungwa, na watu waliopigana vita wanakaa mbele ya redio moja. Alituambia juu ya visiwa vya Karibi, ambako wajukuu wa watumwa waliuchukua mchezo wa mabwana wakawafunga mabwana hao hadi wakaomba radhi.

"Lakini Waingereza walitutawala hata sisi," kaka alisema. "Mbona hawakutuachia hii?"

Injinia alicheka sana. "Hawakutuachia. Tuliwanyang'anya."

Kaka alilirudia neno hilo wiki nzima. Alianza kusema kwamba tukipiga kura kujitenga na kaskazini, nchi mpya itahitaji timu, na timu itahitaji nahodha. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa mara ya kwanza tangu turudi alikuwa akicheka hata kwa Kiarabu.

Basi asubuhi moja, tukiwa tunapanga vijiti, lori lilisimama. Wakashuka vijana wa jeshi na mabomba ya uzio, na nyuma yao mkubwa mmoja aliyevaa miwani ya jua. Jina lake sitaliandika. Alisema kiwanja ni chake, amepewa.

Habuba aliinuka kwenye kiti. "Amekupa nani? Mimi nimelima hapa."

"Mama, wakati sisi tuko msituni tunapigania hii nchi, nyinyi mlikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," habuba akasema.

Yule mkubwa aliashiria kwa mkono, vijana wakaanza kuchimba shimo la kwanza katikati kabisa ya udongo tuliousawazisha. Hapo kaka alikwenda akasimama juu ya udongo huo, gongo mkononi. Hakulinyanyua. Nawaapia, hakulinyanyua. Aliambiwa kwa Kiarabu atoke, naye kwa hasira Kiarabu chote kikamtoroka.

"Hapa ni kwetu! Siendi popote!"

"Huyu Mkenya anasema nini?" askari mmoja akauliza, wenzake wakacheka. Kisha akageuza bunduki akampiga kwa kitako, kwenye mkono wa kulia ulioshika gongo. Mama alipiga yowe. Mimi nilibaki nyuma ya vijiti na zile soksi mikononi.

Injinia ndiye aliyempeleka hospitali. Alimfunga mkono kwa ule utepe wetu wa mpira, akaendesha gari huku akirudia "samahani, samahani," kana kwamba yeye ndiye aliyepiga. Hospitalini daktari wa mifupa hakuwepo. Mkono ulipona vibaya, vidole viwili havikukunjika tena. Mama alizunguka ofisi za ardhi mpaka viatu vikaisha. Kila ofisi ilimwambia "taali bukra," njoo kesho. Uzio ulikamilika, hoteli ikaota. Mkataba wa injinia ulikwisha, akaja kutuaga, habuba akamshika kichwa akambariki kwa Kibari, lugha ambayo injinia hakuijua hata neno moja.

Habuba hakukaa tena mlangoni. Alihamishia kiti upande wa barabara, akaacha kula vizuri, na kabla ya kiangazi kwisha tulimzika kwao Rejaf. Mama alisema ni uzee. Mimi nilikuwa nikimfulia, niliona jinsi alivyokwisha.

Na ile timu? Vita vya baadaye viliwatawanya. Wawili waliokuwa wakirusha kwa zamu, mmoja Mdinka na mwingine Mnuer, ulifika wakati wazazi wao hawakuweza kupita mtaa mmoja. Yule Mnuer sijui kama yuko hai. Mama wa chapati alirudi kwao Arua na watoto wake usiku watu walipokimbia.

Lakini haya yalikuwa bado mbele siku ya kura, tulipopanga foleni kuamua kama tutakuwa nchi. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walilia. Kaka aliweka alama kwa kidole cha mkono wa kushoto. Alipotoka nilimuuliza amechagua nini.

"Nimechagua nchi, bwana," alisema. "Sasa wacha nitafute pa kukaa."

Mwezi uliofuata alipanda basi la Nairobi. Hajarudi.