Lifti Niliyomfungia Mama Mkwe

Mzungu aliyenifundisha kazi ya kukagua lifti aliondoka Bujumbura na masanduku mawili, miaka michache baada ya uhuru, akaniachia koleo, muhuri wa wizara na daftari moja nene. Hiyo ndiyo ilikuwa idara yangu nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na bila saini yangu hakuna lifti mjini iliyokuwa na ruhusa ya kubeba hata paka. Ukisema kichwa kilinivimba, sitakubishia.

Lifti zenyewe ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Tuliziita asanseri, na adabu zetu zilikuwa bado hazijazizoea. Mtu akiingia alimsalimia kila aliyemo, mkono kwa mkono, habari za nyumbani, habari za watoto, mlango uko wazi muda wote huo. Akishamaliza ndipo anauliza kama inapanda au inashuka. Mimi nilisimama kwenye kona na daftari langu, nikikunja uso kama bwana mkubwa.

Siku moja nilikagua jengo la ghorofa tano katikati ya mji. Nilipanda hadi chumba cha mashine, nikaishika kamba ya chuma kwa bonge la pamba, nikamwambia fundi aizungushe polepole. Pamba ikiteleza, kamba ni nzima. Ikinaswa, kuna uzi uliokatika. Siku hiyo ilinaswa hapa, ikanaswa pale, mpaka nikabaki na manyoya mkononi. Sikuwa na la kujiuliza. Nilipitisha waya kwenye mlango wa lifti wa kila ghorofa, nikaubana kwa kipande cha madini ya risasi, nikagonga muhuri. Kamba mpya ilibidi itoke Ulaya kwa meli, ipande treni hadi Kigoma, kisha ipande meli nyingine ziwani. Miezi mitatu, Mungu akipenda.

Nikarudi nyumbani Kamenge nikipiga mluzi. Mke wangu alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Mu muji yote kuna milango," akasema, "na we unaenda kufunga ya mama yangu?"

Ndipo nikajua. Daktari wa macho alikuwa ghorofa ya tano ya jengo lilelile. Jicho la kushoto la mama mkwe lilikuwa limeshakufa, na la kulia lilikuwa linafuata. Daktari alitaka kumwona kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa muda wa wiki sita. Akikosakosa, basi tena. Na mama yule alikuwa na magoti mabovu, ya kupandia kizingiti kwa kuugulia. Nilimwendea daktari kumwomba atibie chini. Akanionyesha mashine yake ya kuchungulia macho, imekazwa mezani kwa skrubu, akacheka. Tukasema basi abebwe na wapagazi wa sokoni. Mama akaleta jibu kupitia kwa binti yake: "Mi siko muzigo."

Lilikuja kupitia kwa binti yake kwa sababu mimi na yeye hatukuwa na ruhusa ya kusemeshana. Kwetu sisi watu wa ng'ambo ya magharibi ya ziwa, mkwe wa kiume hamkaribii mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali naye, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando na kugeukia majani mpaka mwenzake apite. Miaka miwili nimemwoa binti yake, na kwa macho yale alikuwa hajanijua ila kama kivuli kinachokimbia.

"Fungua siku mbili tu mu juma," mke wangu akanibembeleza. "Mama ni mwepesi."

"Kamba haijui mama ya mutu."

"We unaogopa kamba kuliko kuogopa mama!"

Usiku huo sikupewa mchuzi.

Kwa kuwa sikuweza kumshika mkono, nilitafuta la kufanya kwa mbali. Jumanne ya kwanza niliwahi kwenye jengo, nikazunguka ofisi zote kuomba viti. Ghorofa ya kwanza fundi cherehani alinipa stuli yake. Ya pili, mwanasheria akatoa kiti cha ngozi, baada ya kunihoji kama shahidi. Ya tatu, kiti cha karani cha kuzunguka. Ya nne walikuwa mabahili, wakanipa kasha tupu la bia. Nikaviweka kwenye ngazi, kimoja kila ghorofa, halafu nikajificha ghorofa moja juu ya mama, nimeipa ngazi mgongo. Mama alipanda ameegemea bega la mke wangu. Nilisikia kila pumzi. Akikaa, nasogea juu. Akiinuka, moyo wangu unainuka naye. Wenye ofisi walikuwa wakichungulia, wakimwona mkaguzi wa serikali aliyevaa tai akinyata ngazini mithili ya mwizi wa kuku.

Tulienda hivyo wiki tatu. Ijumaa moja ya mvua magoti yakagoma. Mama hakufika hata kwenye kiti cha karani. Alikaa chini kwenye ngazi, nikamsikia akilia.

"Turudi nyumbani," akamwambia binti yake. "Ile jicho ikufe tu. Nimechoka."

Nilikuwa nimesimama ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa lifti. Mke wangu hakuniita. Angeniita ningejitetea, kimya chake ndicho kilichonimaliza. Nilijiambia ni mara moja tu, ghorofa mbili tu. Nikatoa koleo mfukoni, nikaushika ule waya.

Mwenye macho mabovu ana masikio. Kilio kikakatika.

"Anafanya nini?"

"Anafungua asanseri, mama," mke wangu akasema, na sauti yake ilijaa furaha mpaka nikaona haya.

Mama hakuweza kunisemesha, na sijui kwa nini hakutaka kumtuma binti yake. Alikisemesha kiti cha karani, kilichokuwa ngazi chache juu yake, kwa sauti ambayo hata mwanasheria aliisikia.

"We kiti! Umuambie ule mwenye alikuweka apo, asifungue. Akifungulia mi leo, kesho atafungulia mama ya nani? Umuambie mi ninakuja. Aningojee."

Kisha akaja. Alipanda kwa mikono na magoti, akitukana kila ngazi kwa jina lake, na mke wangu nyuma yake akilia na kucheka. Nilirudisha koleo mfukoni. Nilimpenda yule mama siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mzima yeyote, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Wiki ya sita ilifika kabla ya kamba. Ijumaa ya mwisho nilidhani daktari atamchelewesha kama kawaida, nikaanza kurudisha viti. Nilikuwa nashuka na kiti cha mwanasheria kichwani niliposikia nyayo juu yangu. Pa kujificha hapakuwepo. Nikageukia ukuta.

Nyayo zikasimama.

"Ni yeye uyu?" mama akauliza.

"Ni yeye, mama."

Alinitazama muda mrefu. Nilihisi jicho lile moja likitembea kutoka kisigino mpaka shingoni, bila haraka, kama mtu anayekagua kitu atakachokitia saini.

"Kumbe ni mwembamba ivi," akamwambia binti yake. "Mugongo yote ni mifupa. Umupe mchuzi. Umuambie mama yake amesema akule."

Wakapita. Nilibaki nimesimama na kiti kichwani, machozi yananitiririka mpaka kwenye tai, na sikusogea mpaka nikasikia wamefika chini.