Mabakuli ya Kunipa Pole

Mizani ya ghala la kahawa haikujua kumsitiri mtu. Nilipanda juu ya ubao wake jioni, wakulima walipokwisha kuondoka, viatu nikiwa nimevishika mkononi kama mwizi. Karani wa ghala, mtoto wa shangazi yake mume wangu, alilisukuma jiwe dogo la chuma kwenye mkono wa mizani mpaka mkono ukatulia. Akatazama, akainama, akatazama tena.

"Shemeji," akasema, "kahawa hupungua ikianikwa. Wewe unaanikwa wapi hata hupungui?"

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Jiwe lilikuwa limesimama pale pale liliposimama mwezi uliotangulia, na mwezi ule mwingine kabla yake. Sikumwambia karani kwamba mahali jiwe lile litakaposimama ndipo uhai wangu utakapoamuliwa. Aliambiwa tu kwamba daktari anataka kuujua uzito wangu, na kwa kuwa hospitali ilikuwa mjini Arusha nami nafundisha huku juu ya Tengeru, mizani ya kahawa ingetosha.

Daktari mwenyewe alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama amri za bomani. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitokwa na damu kupita kiasi, na siku moja nilianguka mbele ya darasa, chaki mkononi. Alinipima, akanawa mikono, akasema bila kuzunguka: "Mama, kuna uvimbe. Lazima utoke, na kizazi kitatoka pamoja nao. Lakini sitakulaza kwa dawa ya usingizi ukiwa na mwili huu. Moyo wako umechoka. Ungelala, usingeamka." Akanionyesha kwenye mizani yake mahali anapotaka nifike. Kisha akaongeza kwamba masika yakianza atakwenda likizo kwao Ulaya, na atakayeshika nafasi yake si mpasuaji.

Nikamwuliza nifanyeje. "Usile nyama, maziwa, samli wala mayai," akasema. "Kula kinachoota ardhini, na ule kidogo."

Mtu wa miteremko hii angeweza kulipokea agizo hilo kwa urahisi kuliko mimi. Hapa ndizi zimeuzunguka mlango wa kila nyumba. Lakini mimi ni mzaliwa wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kwenye ukavu na mifugo, na kwetu maziwa ndiyo chakula; vingine vyote ni vya kudanganyia njaa. Nililelewa na kibuyu cha maziwa ya mgando, na hata chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu, harufu ya moshi wa kibuyu ndiyo iliyoniliza usiku wa kwanza. Kuyaacha maziwa kulikuwa kama kuacha kuitikia jina nililopewa na mama yangu. Hata hivyo niliyaacha. Nilikula mboga ya mnafu iliyochemshwa kwa chumvi, kipande cha gimbi, maharage ya kujaza kiganja. Mwili ukatii. Magauni yakalegea, nikaanza kupanda kilima cha shule bila kusimama njiani, na jiwe la mizani likawa linarudi nyuma kila nilipokwenda ghalani.

Kisha uso wangu ukakonda, na watu wakauona.

Sina budi kueleza desturi ya hapa, maana ndiyo iliyokuwa ukuta wangu. Hakuna anayeingia nyumbani kwa mgonjwa mikono mitupu. Anayekuja kutoa pole huja na bakuli, na haondoki mpaka amekuona ukila. Bakuli hurudishwa likiwa tupu, limeoshwa. Kulirudisha na chakula ndani yake ni neno zito, zito kuliko tusi: ni kumwambia aliyelileta kwamba unaihofia mikono yake. Kuna koo ambazo hazijasalimiana tangu enzi za Mjerumani kwa sababu ya bakuli moja lililorudi na chakula.

Nilidhani nimejikinga kwa kusema kwamba daktari amenikataza nyama na maziwa. Ilikuwa kinga ya karatasi. Akina mama wa kikundi chetu cha kanisani walilipokea katazo lile kwa moyo mwema na kwa ufundi mkubwa. Walileta ndizi zilizopikwa kwa karanga zilizosagwa mpaka mchuzi ukawa mzito kama krimu. Wakaleta maharage yaliyopondwa na viazi vitamu, makande yaliyong'aa kwa mafuta ya ufuta, uji wa ulezi wenye sukari ya kusimamisha kijiko. Yote yameota ardhini, na daktari asingeweza kulaumu hata kimoja. Kadiri nilivyokonda ndivyo walivyokuja, na kadiri walivyokuja ndivyo nilivyoacha kukonda.

"Kula, mwalimu," jirani yangu mmoja mwenye mdomo mwepesi aliniambia, ameketi na kujishika kiuno. "Upepo wa mlimani ukivuma siku moja, tutakukuta sokoni Tengeru umefungwa fungu moja na mchicha."

"Na bei yake itakuwa ndogo," akadakia mwenzake. "Mchicha una majani."

Walicheka, nikacheka, nikala.

Aliyeleta mabakuli mengi kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu. Mimi na mume wangu tulijaliwa binti mmoja, aliyekuwa akisoma bweni, na tangu azaliwe mama alikuwa akimngoja mjukuu wa kiume kwa subira isiyosema. Aliniketisha, akanipa kijiko, akaninong'oneza kama tunavyonong'ona kanisani: "Mwili ukirudi, mwanangu, na mengine hurudi. Mungu hana kalenda." Nilimeza ndizi zake na maneno yake kwa pamoja, na sijui kipi kilinilemea zaidi.

Ni mume wangu peke yake aliyeijua habari yote, na ndiye aliyeniomba ninyamaze. "Mama akisikia," alisema, "atasikia jambo moja tu." Hakuhitaji kulitaja jambo lenyewe. Mwanamke aliyetolewa kizazi, kwa masikio ya watu wetu, ni nyumba iliyofungwa kutoka nje. Ndoa yetu ilifungwa kanisani, lakini wajomba zake walikuwa na kumbukumbu ya desturi zilizolitangulia kanisa, za mume kuongeza mke.

Basi jioni ile, nikirudi kutoka ghalani katikati ya migomba, sikuwa na fumbo la kufumbua. Nilijua kwa nini jiwe halisogei. Nilijua pia kwamba chakula cha pole hakikataliwi bila sababu, na kwamba miongoni mwa sababu zote nilizokuwa nazo, ni moja tu iliyokuwa na uzito wa kutosha. Mawingu yalikuwa yameanza kukishika kilele. Masika hayakuwa mbali.

Walikuja Jumamosi alasiri, wanne, mama mkwe akiwa mbele na chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Niliwaamkia, nikawaketisha. Alipolifunua jani, mvuke wa karanga ukajaa chumba. Akanijazia bakuli, nikalipokea kwa mikono yote miwili kama inavyopasa, kisha nikaliweka chini, mbali na magoti yangu.

"Mama, sitakula."

Jirani mwenye mdomo mwepesi alitabasamu, akidhani ni mzaha. "Mwalimu leo amegoma. Ameshiba chaki?"

"Sitakula leo, wala kesho. Si kwamba naihofia mikono ya yeyote kati yenu. Mwenye kunihofisha yumo tumboni mwangu." Nikasema. Nikataja uvimbe, nikataja kisu cha daktari, nikataja kizazi kwa jina lake, nikasema kwamba nisipopungua kabla ya mvua, nitazikwa nikiwa nimenenepa. Nilizoea kusema mbele ya watoto na sauti yangu haikutetemeka.

Mmoja wao alianza "Pole," lakini neno halikufika mwisho. Mama mkwe alilichukua bakuli langu, akarudisha ndizi chunguni, kijiko baada ya kijiko, bila haraka. Akafunika kwa lile lile jani. Akaondoka bila kuniangalia, na wengine wakamfuata, kila mmoja na chakula chake.

Tangu siku hiyo njia ya kuja kwetu ikaota majani. Sisemi kwamba walinichukia. Nadhani hawakujua waje na nini, na asiye na cha kushika haji. Kanisani walinisalimu kwa adabu inayotolewa kwa wageni kutoka usharika mwingine. Wajomba wakamwita mume wangu, naye akarudi jioni, akavua koti, akalitundika. "Wameniuliza," akasema, "kama bado ni kijana." Sikumwuliza alijibu nini. Nilichemsha mnafu wangu, nikala nikiwa nimesimama.

Na jiwe likasogea. Kwanza kidogo sana, kisha kwa wazi, kila nilipopanda juu ya ubao ule. Karani alilisoma kwa sauti ya chini na hakutania tena. Huenda habari zilikuwa zimemfikia. Nilikuwa nimekitamani kitu kile kwa miezi, na kilipokuja kilikuwa na ladha ya chakula cha mtu anayekula peke yake. Siku daktari alipoutazama mkono wa mizani yake na kusema, "Vizuri, mama, njoo Jumatatu," nilimshukuru kisha nikaketi kwenye benchi la nje.

Asubuhi ya Jumatatu mume wangu alikuwa ametangulia barabarani kushikilia nafasi kwenye basi. Nilikuwa nafunga khanga zangu ndani ya kikapu niliposikia hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama mkwe alisimama mlangoni. Hakuwa na chungu, wala bakuli, wala hata mkungu wa ndizi begani. Mikono yake ilining'inia, akawa anaifuta kwenye khanga ingawa haikuwa na kitu cha kufutwa. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona akivuka kizingiti cha mtu namna ile. Alikuwa amepita njia nzima, mbele ya nyumba zote, watu wakimwona.

"Sikuleta kitu," akasema.

"Nimeona, mama. Karibu."

Aliketi kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, viganja vikitazama juu. Hatukuzungumza habari ya mjukuu. Sijui kama alikuwa amenisamehe, au alikuwa amekuja kumuaga mwana ambaye hangezaliwa. Nilipoinuka aliinuka nami, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akauinua kidogo, akaushusha, kama mtu anayekadiria kitu sokoni.

"Umekuwa mwepesi," akasema.

Sikujua kama alinisifu au alinililia. Nilichukua kikapu changu, tukashuka pamoja kwenda barabarani.