Shangazi na Mabakuli ya Watu

Shangazi yangu alikuwa na tabia iliyotufanya tuinamishe macho kila tulipoalikwa. Akikaribishwa mezani, kabla hajapakua, hulipindua bakuli na kulikagua kitako. Wenyeji walidhani anatafuta uchafu. Kaka yangu alimbatiza Mkaguzi, na jina likamganda.

Na kweli ukaguzi ndio uliokuwa kazi yake ujanani. Kiwanda cha vioo cha mjini kwetu kilitoa mabakuli ya rangi ya asali, yenye maua yaliyochomoza ubavuni, rahisi kiasi kwamba ukinunua sabuni ya unga ulipewa moja bure. Hapakuwa na nyumba isiyokuwa nayo. Yalitiwa sukari, matunda, funguo, hata vifungo vya nguo. Shangazi alisimama mbele ya taa kubwa, akiyainua moja moja na kuyatenga yenye kasoro. Upande wa pili wa ukuta, penye joto la tanuri, alikuwepo mumewe, akishusha mtambo uliokandamiza kioo cha moto ndani ya kalibu, yaani chuma kile kinachokipa kioo umbo. Kalibu yake ilikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo kila bakuli alilolitoa lilikuwa na kamstari kitakoni, kembamba kama ukope. Shangazi alitakiwa kuyatupa. Hakuyatupa.

"Wewe ungetupa?" aliniambia. "Kila likipita mkononi, ilikuwa kama amenisalimia."

Nyumbani kwao hawakuwa nalo hata moja. Mfinyanzi hulia gaeni. Mume alitaka sahani ya bati tu. "Vioo niviangalie kutwa kazini, nikirudi niviangalie tena?"

Kiwanda kikafungwa, na mwaka haujapinduka, maradhi ya kifua yakamchukua mume. Mvua zilizofuata zikavujia ndani, zikaharibu picha zao zote. Mtoto hawakujaliwa, wa kubeba walau pua ya baba yake. Ndipo Shangazi alipoanza kupindua mabakuli ya watu.

Alitafuta miaka mingi. Watu walishahamia kwenye plastiki, na vile vioo vya zamani vilikuwa vimevunjika au vimesukumwa nyuma ya makabati. Vichache alivyovikuta vilitoka kwenye kalibu nyingine.

Siku familia yetu ilipokwenda kuonana na wazazi wa mchumba wa kaka yangu, kaka alimshika mkono mlangoni. "Shangazi, leo nakuomba, usipindue kitu."

"Mikono yangu nitaikalia."

Na kweli aliikalia. Alikula kwa adabu mpaka tukamsahau. Baada ya chakula akasema anakwenda kusaidia kuosha vyombo, nasi hatukushtuka.

Nilimfuata jikoni na rundo la sahani. Nikamkuta dirishani, bakuli la rangi ya asali limelala kifudifudi kiganjani mwake. Mama wa binti alikuwa pembeni, kitambaa mkononi, hajui la kufanya.

"Dada, lina ufa?"

"Halina. Hili kalitoa mume wangu."

Akamwonyesha kale kamstari, akamweleza kwa maneno machache. Mama wa binti akaweka kitambaa chini. "Ningekwambia ulichukue sasa hivi, dada. Ila hilo ni la baba yangu. Haoni, na hakubali kulia kwenye jingine. Tukimbadilishia anajua."

Baba yake alikuwa chumba cha nyuma, mzee mkavu, macho yake yameingia ukungu. Shangazi akapelekwa, nami nikafuata hadi mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sauti hii siijui."

Alipoelezwa, mzee akanyoosha mikono, akapewa bakuli. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kitakoni. "Kumbe humu kuna mtu," akasema. "Nikigusa hapa najua ni langu. Sikujua kwamba ni la mwingine pia. Haya, kaa. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Sisi tukimtaja marehemu tulisema apumzike kwa amani, kisha tukabadili mazungumzo, tukidhani tunamwonea huruma.

Niliporudi sebuleni, sote tukasikia Shangazi anacheka. Alikuwa akimsimulia mzee jinsi mumewe, pamoja na kifua chake kipana, alivyokuwa akiogopa kuku.

Harusi ikapita, naye Shangazi akaendelea kwenda kwa mzee. Walikula mchana pamoja, mzee kwenye bakuli lake, yeye kwenye sahani. Mzee alitaka kujua kila kitu: mume alikuwa akikoroma? Akikasirika alisema, au alinuna?

Mzee alipofariki, mama wa binti alilileta bakuli mwenyewe, limeviringishwa kwenye taulo. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akaligusa kitako, akaliweka kabatini. Nilipomtembelea mwezi uliofuata lilikuwa bado pale pale, na yeye anakula kwenye bati.

"Hulitumii?"

"Nalitazama. Lakini bakuli haliulizi kitu, mwanangu."

Nikavuta kiti. Nikamwuliza mumewe alikuwa mrefu kiasi gani.

Akaweka kijiko chini, akaenda mlangoni, akanyoosha mkono kwenye fremu. Akaushusha kidogo, akafikiri, akaupandisha tena.

"Hapa," akasema. "Hapana, hapa ni na viatu. Bila viatu, hapa."

Mkono wake ukabaki pale kwenye fremu, na hakuwa na haraka ya kuushusha.