Waliojificha Pangoni

Sina nguvu tena za kubishana na mtu. Ukitaka kuamini, amini. Ukitaka kucheka, cheka, wapo wengi waliocheka kabla yako. Mimi nasema nililoliona kwa macho yangu, nikiwa na akili timamu, sijaonja tone la pombe.

Enzi hizo Mjerumani ndiye mwenye nchi. Mimi na shemeji yangu Kobelo, kaka wa mke wangu, tulikuwa wapagazi, watu wa Mlali. Kila kiangazi Wazungu fulani wapenda mapango walikuwa wakikutana Morogoro, wengine wakija kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, kisha wanapanda milimani. Hawakutafuta dhahabu wala hawakumtafuta mtu. Walipenda tu kuingia shimoni, wakae humo, wale, wanywe, waimbe, halafu watoke wamejaa matope na furaha. Umewahi kusikia starehe ya namna hiyo? Sisi tulibeba. Meza tulibeba, viti tulibeba, chupa tulibeba. Mabega yangu mpaka leo hayako sawa.

Mwaka huo walichagua pango lililo upande wa kuteremkia Kisaki. Kobelo alipolitambua alinivuta pembeni.

"Shemeji, hili ndilo lile la wakati wa vita ya Maji Maji."

"Lile lipi?"

"Walilokimbilia watu na wake zao na watoto. Askari wakakaa mlangoni siku nyingi. Hakutoka mtu."

Nilimwambia anyamaze. Tulikuwa tumetembea siku tatu. Nilichotaka ni kutua mzigo, basi.

Mkubwa wa Wazungu wale tulimwita Bwana Ndevu. Alikuwa na uzi mrefu wa katani, umezungushwa kwenye kibao. Ncha yake aliifunga kwenye mti nje ya pango, nami nikawafuata nyuma nikiuachia kidogo kidogo ili tusipotee. Wakati wa kutoka kazi yangu ilikuwa kuukunja tena, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho.

Wakala humo ndani, kandili zimepangwa juu ya mawe. Wakaimba kwa sauti nene, pango zima likavuma. Halafu wakachoka, wakatoka, na Kobelo akatoka na viti. Nikabaki peke yangu na kandili moja, nakunja uzi huku nikirudi nje polepole. Nje kulikuwa mchana wa jua kali, lakini kule ndani mchana ni nini?

Kwenye kona moja uzi ukakaza. Nikadhani umenasa kwenye jiwe. Nikainua kandili. Uzi ulikuwa mkononi mwa mtu.

Mama wa makamo, amekaa chini, amebeba mtoto mgongoni. Nami, kwa mazoea tu, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameondoka?"

"Akina nani?"

"Askari."

"Waliondoka zamani, mama. Vita vilikwisha."

"Usinidanganye. Sasa hivi nimewasikia wakiimba."

  Akageuka kidogo, na kutoka kwenye ile nguo ya mgongoni wakaruka popo watatu. Nguo ikalala bapa. Yeye akaipigapiga kwa nyuma, taratibu, kama anayembembeleza mtoto asiamke. Na nyuma yake gizani, niamini, nilisikia pumzi. Si ya mtu mmoja. Pumzi za watu wengi waliolala chumba kimoja.

"Usiukunje uzi huu," akasema. "Mienge yetu ilizimika, njia tumeipoteza. Tuachie tuufuate mpaka nje. Tumechoka, mwanangu."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapojionea aibu. Kiangazi kilichotangulia mpagazi mmoja alipoteza kandili ya Bwana Ndevu, akalazwa chini akapigwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Nilimwona. Nikawaza mgongo wangu.

"Subiri kidogo, mama," nikasema. "Nitarudi na mwingine."

Nilijua ni uongo, naye alijua. Nikavuta. Hakunishindania. Aliuachia tu, kama mtu aliyekwisha kuzoea kunyimwa.

Nje Kobelo alinitazama usoni. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Umesikia?"

"Nimesikia sauti yako peke yake."

Bwana Ndevu aliupokea uzi bila kuutazama, akautupa sandukuni. Kesho yake aliukata vipande akafungia nguo zake chafu. Uliobaki akautia motoni.

Miaka ikapita. Ikaja vita ya Wazungu kwa Wazungu, na Wajerumani wakaondoka. Nikamwambia Kobelo, twende. Tukafunga kamba yetu wenyewe kwenye mti, tukaingia pamoja mpaka ile kona. Nikaita.

"Mama! Tokeni! Wajerumani wamekwenda zao!"

Tukasikia nyayo. Nyingi, za wakubwa na za watoto, zinakokota kutujia. Kobelo alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Halafu nyayo zikasimama, na sauti ile ile ikauliza, karibu kabisa:

"Na mwenye nchi sasa ni nani?"

Ningemficha? Nilikwisha kumdanganya mara moja. "Waingereza, mama."

 

"Basi," akasema, "tutangoja."

Nyayo zikarudi ndani. Kamba tuliiacha pale pale. Kobelo, shahidi wangu wa pekee, amekwisha kufa, na tangu siku ile mpaka anazikwa hakukubali kulala na mlango umefungwa. Mimi nalala usiku kucha na kuamka kama niliyekesha. Waganga wamenipa dawa, padre wa misheni ameniombea. Uchovu uko pale pale.

Kwa hiyo mkipita njia ya Kisaki na wenzako, msiimbe karibu na mapango. Na mtu akikuomba kitu gizani, mpe, au mwambie huna. Usimwambie utarudi.